Firauni: dhalimu au fasiki?

Mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu alipandisha kodi, tena akaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Mjomba, mzee wa miaka sabini na ushei, akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Huu ni ufirauni mtupu!" Vijana wakamwaga emoji za kucheka hadi machozi. Mzee hakuelewa kilichowachekesha. Yeye alisema dhuluma, wao wakasoma mambo ya chumbani.

Neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Wamisri wa kale lilimaanisha "nyumba kubwa", yaani kasri. Baadaye likamtaja mfalme mwenyewe, kama sisi tunavyosema "Ikulu imetoa tamko". Kiswahili kikalipokea mara mbili: Farao kwa njia ya Biblia, Firauni kwa njia ya Kiarabu na Kurani. Ajabu ni kwamba Farao hajawa tusi, sijasikia mtu akigombezwa "we farao!" Nadhani ni kwa sababu Biblia inamwita Farao hata yule mfalme aliyemvisha Yusufu pete yake na kumkabidhi nchi nzima. Jina likabaki cheo, wamo wema na wabaya. Kurani, katika kisa cha Yusufu, inamtaja huyo kama mfalme tu. Firauni ni yule wa Musa, aliyechinja watoto wa kiume na kujitangaza kuwa ndiye mola mkuu. Jina lililobaki na mbaya mmoja lilikuwa jepesi kugeuka sifa: mtu firauni, roho ya kifirauni.

Vijana wana hoja yao, na si ndogo. Maana ni ya wasemaji, na kuna kitenzi fulani cha matusi (mnakijua) kinachofanana mno na neno hili masikioni. Halafu wazee wenyewe ndio waliofungua mlango: siku nyingi wamekuwa wakimwita firauni hata mtu fasiki, asiye na haya.

Mimi bado niko upande wa mjomba. Mambo ya chumbani yana maneno tele: uzinzi, uasherati, ufuska. Lakini mtu mwenye nguvu anayeonea kwa kuamini hakuna wa kumuuliza, tumwiteje? "Dhalimu" linataja kuonea, "jeuri" linataja kiburi. Firauni lilibeba yote mawili. Wamisri wana methali: Firauni aliulizwa nani aliyekufanya firauni, akajibu, sikumpata wa kunizuia. Na Anwar Sadat, rais wa Misri, alipopigwa risasi tarehe 6 Oktoba 1981, muuaji alipiga kelele kwamba amemuua Firauni. Hakuna aliyedhani anazungumzia zinaa.

Hata hivyo Wamisri haohao timu yao ya taifa wanaiita kwa jina hilohilo, timu yenye makombe saba ya Afrika. Aprili 2021 waliwahamisha wafalme na malkia 22 wa kale, maiti zilizokaushwa zisioze, wakawapitisha barabarani Cairo usiku na kuwapokea kwa mizinga 21. Kwao neno moja ni laana na ni fahari, inategemea linasemwa wapi. Sisi fahari hiyo hatukuirithi. Tulipewa laana peke yake, na sasa hata hiyo tunaipunguza.

Nilimpigia mjomba kumweleza pembeni kwa nini walicheka. Akanyamaza kidogo, kisha: "Sasa mjomba, yule bwana nimwite nani?"