Si utunge tu!

Hakuna kinachonikera kama hili. Nimefunga safari kutoka Dar hadi Kilwa Masoko, mgongo unauma, nimevuka kwa mashua mpaka Kisiwani nikaone riwaya yangu ya karne ya 14 itatembea wapi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331, ati. Nataka nikae Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, kando ya lile bwawa la pembe nane, nisikie upepo wa jioni unatokea upande gani, nijue jahazi linaanza kuonekana likiwa mbali kiasi gani. Dakika kumi hazijaisha, mtembezaji anatazama saa: "Twende, maji yanakupwa." Tarehe za masultani ananimwagia zote. Hizo ninazo vitabuni, kaka! Namuuliza watumishi walishukia pwani kwa njia ipi, wakiwa na mitungi kichwani. Anacheka. "Kwani si hadithi? Si utunge tu!"

Nyumbani nako hayo hayo. Shemeji kaona tiketi ya basi: "Nauli yote hiyo kwenda kutazama magofu?" Ndiyo, shemeji. Na mwezi ujao narudi, nalala hukohuko.