Siwezi, Shangazi

Mimi ni mtu wa kuandikiwa. Ukinipigia simu bila taarifa, hata kama nakupenda, moyo unaruka kama nimekutwa nadokoa mboga jikoni kwa watu. Naitazama simu inavyotambaa mezani kwa mtetemo, inasogea mdogo mdogo kuelekea ukingoni, na mimi nimebana pumzi, kana kwamba anayepiga yuko mlangoni amebandika sikio. Ikikatika naichukua na kuandika: "Naona ulinitafuta?" Wakati muda wote tulikuwa tunatazamana.

Kwenye WhatsApp, chini ya jina langu, niliandika: "Tuma ujumbe kwanza." Marafiki walizoea. Kazini walizoea. Hata mama mwenye nyumba hapa Tabata alizoea: siku hizi kodi ananidai kwa maandishi akiwa hatua nane kutoka mlangoni kwangu, na namsikia akitamka kila herufi anayobonyeza.

Hakuzoea shangazi yangu wa Muheza.

Shangazi ana kitochi, zile simu ndogo za vitufe zenye taa kichwani na chaji ya wiki nzima. Vitufe anavyovijua ni viwili, cha kijani na chekundu. Ujumbe kwake ni barua, na barua husomewa na mjukuu, na mjukuu yuko shule ya bweni. Mwezi wa tatu nilimwandikia kumuuliza hali ya mguu. Nilijibiwa mwezi wa sita, shule zilipofungwa: "Umepona." (Nilishawahi kusoma kwamba ujumbe wa kwanza kabisa wa simu, uliotumwa Uingereza Desemba 1992, ulikuwa salamu za Krismasi, na simu ya aliyeupokea haikuwa na uwezo wa kuandika jibu. Kumbe shangazi hajachelewa, yuko pale pale mambo yalipoanzia.)

Na huyo huyo ndiye aliyenifundisha adabu ya hodi. "Hodi ni mara tatu, baba. Usipojibiwa, geuza urudi." Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Mlangoni mwa mtu shangazi hatapiga hodi ya nne hata mvua ikimnyeshea. Kwenye simu hana hesabu.

Zamani angalau kulikuwa na kubipu. Waliokuwa na simu miaka ya mwanzo ya 2000 wanakumbuka dakika moja ilivyokuwa inauma mfukoni. Mtu anapiga, inaita mara moja, anakata. Bipu moja, nimefika salama. Mbili, nipigie. Tatu mfululizo, nipigie la sivyo tusijuane. Ilikuwa hodi ya kistaarabu kabisa: mgeni anagonga, na gharama ya kufungua ni yako. Kisha vikaja vifurushi, na shangazi akagundua kwamba dakika zisipotumika leo, kesho hazipo. Mtu aliyelelewa asitupe hata ukoko atawezaje kuacha dakika zife? Humaliza kifurushi kama anavyomaliza sufuria.

Basi, Jumamosi hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu ikaanza kutambaa. Shangazi. Mimi nimelala saa nane. Najua, simu ya alfajiri kwetu ina maana yake, na mwenye akili angepokea. Lakini shangazi hupiga saa hiyo siku zote, akitoka kuswali, kwa imani kwamba mtandao unakuwa bado haujachoka. Na habari yake haiji uchi: kwanza hujambo, u mzima, umeamkaje, kazi je, mvua je, majirani hawajambo, na yule mama mwenye nyumba presha yake? Dakika nne zinakwenda kabla hujajua kilichompigisha simu.

Ikaita, ikakatika. Ikaita tena. Ya tatu. Nikasema sasa atageuza. Ya nne. Ya tano. Nikaivuta simu, jicho moja limefumba, nikaandika:

"Shkm shangazi. Siwezi kuongea saa hizi. Niandikie."

Nikatuma, nikaizima kabisa, nikageukia ukuta.

Hapa msomaji wa bara anisubiri kidogo. Huku mjini "siwezi" ni siwezi tu. Kwa shangazi, "hawezi" ni mgonjwa. Ukiulizia hali ya fulani ukaambiwa "hawezi", swali linalofuata ni amelazwa wapi. Na mimi nimekulia kwenye Kiswahili hicho hicho, nilijua vizuri sana, ila usingizi hauna lahaja.

Yaliyotokea Muheza nilisimuliwa baadaye na watu watano, na kwa hili wote wanakubaliana. Shangazi alisikia mlio akajua ni barua. Akajitanda kanga, akaenda hadi kijiwe cha bodaboda, akampa simu kijana wa kwanza kumwona. Kijana akasoma kwa sauti ya kijiwe kizima, akivuta pumzi pale anapotaka yeye:

"Shikamoo shangazi. Siwezi."

Akabonyeza kushuka chini, maana kioo cha kitochi hakibebi mengi.

"Kuongea saa hizi. Niandikie."

"Hawezi kuongea?"

"Ndivyo alivyoandika, bibi."

"Ulimi umeshikwa," shangazi akasema, na kijiwe kizima kikasema lahaula.

Akapiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Yule dada wa kwenye simu shangazi hujibizana naye siku zote, na siku hiyo alimuuliza: "Kapelekwa wapi?"

Niliamka saa sita na nusu mchana, mwepesi, nimeshiba usingizi. Nikawasha simu. Ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kurukaruka kama kuku aliyechinjwa. Simu ambazo sikupokea: 43. Shangazi 19, baba mdogo wa Temeke 9, wengine wachache wachache, na namba moja nisiyoijua mara 11. Hiyo nikasema ni matapeli.

Kundi la ukoo lilikuwa na ujumbe 212. Picha ya kundi, ambayo tangu lianzishwe ilikuwa waridi lenye maneno ya Ijumaa njema, sasa ilikuwa mimi. Picha ya mahafali, joho limenizidi mabega. Nikasoma kuanzia juu. Saa kumi na mbili asubuhi baba mdogo: "Kijana wetu amepata kiharusi. Hawezi kuongea." Saa moja: "Upande wa kulia wote." Huo upande wa kulia mpaka leo sijampata aliyeutoa. Saa mbili mtu akakumbuka kwamba kwenye harusi ya mwaka jana nilionekana nimepungua. Saa tatu mweka hazina akateuliwa, na orodha ya mchango ikaanza kukua: baba mdogo 30,000, imelipwa, shangazi wa Korogwe 10,000, imelipwa, namba saba, binamu yangu, 5,000, ahadi. Huyo binamu nilimkopesha 60,000. Yaani hata kuuguliwa anikopee!

Nikaandika: "Jamani mimi mzima. Nilikuwa nimelala tu."

Kundi lote likanyamaza. Kisha baba mdogo: "Wewe uliyeshika simu ya mgonjwa, Mungu anakuona."

"Baba mdogo, ni mimi."

"Ndivyo mnavyosema."

Siwezi kumlaumu. Nani katika nchi hii hajawahi kupokea "Ile hela itume kwenye namba hii" kutoka kwa mtu asiyemjua, anaandika kwa utulivu kama vile mlikubaliana jana? Tulipanga foleni tukasajili laini kwa alama za vidole, na bado zinakuja. Ila hapo mimi nikajiona mcheshi. Nikaandika: "Kama ni lazima mchange, nitumieni mwenyewe kwenye namba hii hii."

Niliondolewa kwenye kundi kabla sijaiweka simu chini.

Sasa ikabidi nipige. Mimi! Nikatazama kifurushi: intaneti tele, meseji 300, dakika sifuri. Salio la kawaida shilingi 4. Nikaomba mkopo wa salio, nikakumbushwa kwa upole kwamba wa mwezi uliopita sijalipa. Nikajaribu kumpigia baba mdogo kwa WhatsApp, ikaita hewani bila kumfikia, alishanifungia. Nikaona bora nipige mswaki, nivae, nikanunue vocha kwa Mangi.

Nikatoka uani na taulo kiunoni, mswaki mdomoni. Muda huo huo geti likafunguliwa. Akaingia baba mdogo, nyuma yake binamu wa ahadi, nyuma yake dereva wa bajaji na godoro kichwani. Mama mwenye nyumba alikuwa anawaonyesha njia huku analia, na alikuwa ameniona jana yake tu nikipandisha ndoo mbili za maji.

Nilitaka kusema shikamoo. Lakini dawa ya meno ilikuwa imejaa mdomo wote, na mtu hatemi mbele ya mkubwa wake. Nikasema, "Mmmh."

"Povu hilo!" baba mdogo akapiga kelele. "Mshikeni, ataanguka!"

Godoro likatandikwa uani, nikalazwa. Binamu akanishika miguu. Mtu mmoja, sijui jirani gani, akanikunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja na kutikisa kichwa kwa huzuni. Nilipigana mkono mmoja, mwingine uko kwenye taulo. Mwisho nikaona hakuna njia, nikaimeza dawa yote ya meno, nikavuta pumzi, nikasema: "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," akajibu, mdomo ukitangulia akili. Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa godoro na kunitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

Alipiga simu Muheza, akanipa.

"Nani?" shangazi akauliza.

"Mimi, shangazi. Shikamoo."

"Hilo fupi. Sema wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale."

"Shangazi..."

"Sema, baba."

Nikasimama uani na taulo, majirani kama kumi na nne wamenizunguka, nikasema wale watu wa Liwale. Mara ya kwanza nikateleza kwenye wali, nikasikia upande wa pili mtu anaangua kilio. Mara ya pili nikapita. Akataka ya tatu kwa usalama. Niliposhinda, majirani wawili walipiga makofi.

"Alhamdulillahi," akasema. Na hapo hapo, kama hakuna kilichotokea: "Na majirani hawajambo?"

Ilipofika dakika ya tano nikapata upenyo. "Shangazi, alfajiri ulikuwa unanipigia kwa jambo gani?"

"Ehee! Fenesi. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, la kwanza la mti ule wa nyuma. Nikampa na namba yako akupigie likifika."

Nikamwangalia baba mdogo. Nikakumbuka ile namba ya mara 11.

Nilifika stendi ya Mbezi jua linazama. Ofisi ya mizigo ya lile basi, ambalo sitalitaja, niliipata kwa kufuata pua. Ndani kulikuwa na vijana wanne, wote ghafla wana shughuli.

"Ndiyo wewe mwenye fenesi?" mmoja akasema. "Kaka, tumekupigia mpaka tumechoka."

"Si mngeniandikia ujumbe?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini hawakunitumia njiwa. "Likaanza kupasuka. Abiria wanalalamika harufu. Mzigo usio na mwenyewe..." Hakumalizia. Alikuwa ameshika tambara lenye mafuta ya taa, anafuta ulimbo kwenye vidole, kimoja baada ya kingine. Wenzake nao walikuwa wanalisubiri lile tambara. Chini ya meza kulikuwa na ndoo, imejaa kokwa mpaka nusu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umelipata?"

"Nipo hapa ofisini kwao, shangazi."

"Tamu?"

Sikuwa na jibu. Nikamsogezea jamaa simu sikioni, maana mikono yake bado ilikuwa inanata.

"Tamu sana, mama," akasema. "Mungu akubariki."