Kochi la baba mkwe

Karakana yangu iko Mafinga. Msitu wa Sao Hill uko jirani, kwa hiyo mabaki ya mbao za paini hayaniishii. Likizo ya Juni nikakusanya watoto wa mtaa tutengeneze fanicha ndogo, kila kipimo tunagawa kwa 12. Kikalio cha kiti cha kawaida kiko sentimita 45 kutoka sakafuni. Chetu kikawa 3.75. Kwa udogo huo mguu mmoja ukizidi milimita moja tu, kiti kinayumba kama mtu aliyetoka kwenye ulanzi.

Fundi wa picha alikuwa binti wa miaka kumi. Aligeuza simu yangu kichwa chini ili kamera ishuke hadi mezani. "Fundi, ukipiga umesimama inaonekana midoli. Piga kama unataka kulikalia." Akatundika kipande cha kitenge kama pazia, mwanga wa dirishani ukaingia kwa ubavuni. Kochi la watu watatu, viti viwili. Hata mimi miguu ililegea. Bila kuniuliza akatupia status: "Seti imekamilika!"

Sasa, baba mkwe huwa anaangalia status. Na mimi nina deni la mahari kwake: seti ya makochi, tangu mwaka juzi.

Kesho yake asubuhi kirikuu ikapaki mlangoni, imetoka Makambako, ina turubai, kamba na vijana wawili wa kubeba.

"Kamwene, mkwe! Nimeiona kazi. Ila kile kifaranga cheusi kilichopanda mkono wa kochi kishushwe, kitachafua kitambaa."

Kifaranga? Nikafungua picha. Nzi.

Nikaingia ndani, nikatoka na boksi la viatu, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mke wangu akajiziba mdomo kwa kanga, akakimbilia jikoni. Mzee akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Tunapakia, mzee?" kijana mmoja akauliza.

Mzee hakujibu. Akalinyanyua kochi kwa vidole viwili, akaenda kuliweka juu ya dashibodi, akakaa kimya akitazama mbele.

"Hela yangu ni ileile," dereva akaniambia. "Nimekuja na gari, sikuja na kiberiti." Nikalipa. Wabebaji nao wakanyoosha mikono, nikalipa.

Gari linaondoka, yule binti akalikimbilia dirishani: "Babu, mwambie aende polepole, gundi haijakauka!"