Wigi Yangu Haikuliwa na Mamba

Tulieni niwaeleze. Najua ile sauti ya WhatsApp imeshawafikia, ile ambayo mwenzangu anaanza kucheka kabla hata ya salamu. Mama mkwe wake anayo. Fundi wangu wa nguo anayo. Jana amenipima kiuno huku anauma midomo. Na humo ndani anadai eti wigi yangu ilipeperuka, ikaanguka Ziwa Turkana, mamba akaimeza.

Uongo mtupu. Mamba wamo ziwani, tena wengi, hilo sibishi. Lakini Makumbusho ya Jangwani ya Loiyangalani, kule kaskazini mwa Kenya tulikokwenda kutembea, yako juu ya kilima, ziwa liko kule chini, na wigi haikufika majini. Iliuawa nchi kavu. Mashahidi ninao, na wengi wao walikuwa wamevaa sare za shule.

Safari sitawachosha nayo. Ukiacha lami pale Laisamis unashika ile barabara ya changarawe iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita 208 mpaka Sarima, na huko mwisho unaikuta mitambo yenyewe imesimama jangwani inazunguka. Iko 365. Megawati 310. Mtu mwenye akili timamu akiona watu wazima wamesafirisha vyuma vyote vile kuufuata upepo, anashika kichwa chake mapema. Dereva wetu alituambia, "Hapa upepo haulali." Mimi nikaitikia, "Eeh, pazuri," huku najitazama kwenye kioo cha gari nikinyoosha nywele. Nywele zenyewe zilikuwa zimeshikwa na vibanio viwili.

(Anayeuliza mbona sikutumia gundi: joto la Loiyangalani unalijua wewe?)

Makumbusho yale ni madogo. Yalifunguliwa 2008, na kama umezoea ya Nairobi na yule tembo wake pale nje, utaingia uanze kuuliza mengine yako wapi. Lakini mimi niliyapenda, na nasema hivyo kwa moyo mweupe licha ya yaliyonipata. Yanaeleza habari za watu wa hapo hapo, Waturkana, Wasamburu, Warendille, na Waelmolo ambao ni wavuvi wa ziwa lile tangu zamani. Raha yake ni kwamba vitu havijazeeka. Umeonyeshwa kibuyu cha maziwa ndani, ukitoka mlangoni unapishana na mama amebeba chake, na kina maziwa.

Humo ndimo tulimokionyeshwa kile kigoda kidogo cha Waturkana, ekicholong. Mzee hukikalia mchana, na akilala hukiweka chini ya kichwa kiwe mto. Kijana aliyetutembeza akaeleza kwamba zamani wanaume walikuwa wakitengeneza nywele zao kwa udongo wa rangi, kazi ya kupendeza kweli kweli, na mtu hawezi kufanyiwa kazi kama ile halafu alale ovyo aiharibu. Nikatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeelewa. Hata nikasema kwa sauti, "Nywele ni gharama." Mwenzangu anasema hapo ndipo alipotoa simu akaanza kurekodi, alihisi tu.

Tukatoka nje kupiga picha.

Sasa niwachoreeni mahali. Upande mmoja kuna watoto wa shule wamepanga mstari, daftari mkononi, mwalimu wao anawaelekeza waandike. Upande wa pili, kwenye kivuli cha ukuta, ameketi mzee na shuka lake, fimbo magotini, na amekalia kigoda kama kile tulichokiona ndani. Katikati ni mimi. Mkono wa kulia una chupa ya maji. Wa kushoto umeshika sketi, kwa sababu upepo ule hauchagui cha kuinua. Mwenzangu ananiambia, "Geuka kidogo, ziwa lionekane nyuma yako."

Nikageuka. Uso ukautazama upepo.

Kwanza nilihisi hewa imefika mahali ambapo hewa haikustahili kufika. Chini ya ukingo wa mbele, pale kwenye paji. Ikaingia polepole, ikapapasa, ikakaa. Nikajua. Kibanio cha kushoto kikaachia: tik. Mtu mwingine hakukisikia ila mimi.

Dada zangu, hebu semeni kweli. Chupa nikaitupa, sawa, lakini mkono ule ulikuwa bado uko njiani. Mkono wa karibu ni ule wenye sketi. Ungeachia nini? Mbele ya watoto wa shule, ungeachia nini? Nikachagua sketi. Wigi nayo ikasimama wima kichwani, imeshikiliwa na kibanio kimoja, kama jogoo anayejiandaa kuwika. Ilikaa hivyo kwa muda wa kutosha mwalimu kugeuka.

Halafu tik ya pili.

Ingelianguka tu miguuni pangu ningeliokota yakaisha. Lakini haikuanguka. Iliondoka. Ilipita juu ya mstari wa watoto, chini chini, watoto wa mbele wakainama kwa pamoja, mmoja akapiga ukelele, "Nyokaaa!" Daftari zikatawanyika. Ikatua kwenye mawe, ikajiviringisha, ikainuka tena, ikashika njia moja kwa moja kuelekea kwa yule mzee.

Mzee hakupiga kelele. Hata hakusimama. Yule ni mtu aliyezeeka katika nchi yenye nge na nyoka, na kitu cheusi chenye mikia mingi kikija mbio hakimbabaishi. Alikitazama. Akakingoja. Kilipofika umbali anaoutaka, fimbo ikapanda.

Paa!

Wigi ikatulia. Halafu upepo ukapita, ncha zikacheza kidogo, na mzee akaona bado haijakata roho.

Paa! Paa!

Hapo kimya kikatanda juu ya kilima kizima, isipokuwa ule upepo. Mzee akaigeuza kwa ncha ya fimbo, kwa uangalifu, upande huu, upande ule, akitafuta kichwa.

Kichwa nilikuwa nacho mimi.

Na watu wakaanza kugundua hivyo, mmoja mmoja. Macho yalitoka kwenye maiti yakapanda taratibu mpaka kwangu. Nilikuwa na ile kofia ya soksi, rangi ya maharage, imevutwa mpaka kwenye nyusi, na matuta niliyosukwa nikidhani mimi na Mungu tu ndio tutakaoyaona. Nikajaribu kutabasamu. Mtoto mmoja, mdogo kuliko wenzake, kalamu ikiwa tayari juu ya daftari, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na huyu ni wa jamii gani?"

Mwalimu, Mungu ambariki popote alipo, akamjibu, "Andika kwanza hayo mengine."

Mzee akamwita yule kijana wetu, wakazungumza Kiturkana kwa sauti ya chini. Kijana akaja kwangu, anatazama kila mahali isipokuwa kichwani pangu.

"Dada, mzee anauliza, mnyama ni wako?"

Nikasema ni wangu. Mngesema nini nyinyi?

"Anasema pole. Hakuona alama." Kijana akameza mate. "Anauliza unadai nini."

Nikasema sidai kitu, mwambie mzee asante, sina kesi naye. Ikatafsiriwa. Mzee akainamisha kichwa kwa heshima, akainyanyua wigi kwa fimbo, akaniletea mwenyewe ikining'inia. Mpaka leo sijui kama aliuliza kweli au alikuwa ananichezea. Mwenzangu anaapa kwamba macho ya mzee yalikuwa yanacheka tangu ile paa ya pili, na kijana naye alikuwa ametugeukia mgongo akilitazama ziwa, mabega yanatikisika.

Yaliyofuata hayana maana. Nilijifunga leso, tukateremka, tukaenda mpaka Layeni kwa Waelmolo, tukaona mitumbwi na samaki wanaokaushwa, kina mama wakaniuzia shanga bila kuniuliza lolote, nikawapenda. Usiku upepo ulitikisa mabati na mwenzangu akawa ananiamsha kuniuliza kama vibanio viko salama. Asubuhi tukaondoka. Wigi nimeiosha, ila pana kipara pale fimbo ilipotua.

Ningeliyamaliza hapo, lakini kuna sauti ya pili. Hiyo imemfikia mama yangu, na ndani yake mwenzangu ameongeza kwamba mzee alitaka kunilipa mbuzi. Mama akanipigia jioni, simu haijafika hata sikioni vizuri.

"Nasikia ulipewa mbuzi ukakataa."

"Mama, hakutaja mbuzi. Aliuliza tu nadai nini."

"Sasa kule ungelidai nini, magari? Hiyo wigi uliinunua pesa ngapi?"

"Shilingi 4,500."

Kimya. Namjua mama yangu, alikuwa anapiga hesabu.

"Na huyo kijana aliyekuwa anatafsiri," akasema, "namba yake mnayo?"