Brashi ilivyonigeuza fundi batiki

Nimeoga wiki nzima lakini harufu ya jiki bado naisikia puani, ngoja niwasimulie labda itatoka.

Mtoto wa dada alirudi shule na mapunye, yale madoa ya duara kichwani, mama akatangaza hali ya hatari. "Hachanwi mtu humu ndani mpaka machanuo yote yaoshwe, na we ndo huna kazi, kaoshe." Asiye na kazi ni mimi. Nyumba ya watu nane ina machanuo kumi na moja sijui ilikuwaje, mengine yana meno nusu, moja la marehemu babu la kuchania ndevu, na yote yamegandana nywele na mafuta mpaka unadhani yamevaa sweta.

Nikajifanya nesi. Nikabandika sufuria, maji yalipotokota nikatumbukiza ya plastiki yote kwa mpigo kama napika makaroni, nikakaa zangu na simu. Kurudi, jamani. Yamelegea yamekumbatiana, lile lenye mkia la kugawia mistari mkia umejikunja umekuwa ndoana kabisa, ungeweza kuvulia perege. Mama hakusema kitu, aliliangalia sufuria lake akaniangalia mimi akaingia chumbani, na hiyo ndo huwa inauma zaidi.

La bibi ni la mti, alikuja nalo kutoka Kilwa, nikasema hili silichemshi mimi sio mjinga, nikaliloweka kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi limevimba limepasuka. Bibi akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, chanuo la mti unaliogesha? Mie miaka yote nalipangusa na kitambaa nalipaka mafuta ya nazi, basi." Ningepigwa kibao ningejisikia nafuu.

Ila hayo yote cha mtoto, kisa chenyewe ni brashi yangu.

Hiyo brashi nilinunua Kariakoo mtaa wa Kongo, ile pana yenye kimto cha mpira cheusi na vijiti vina vidoto kwenye ncha. Na nilichagua kitaalamu nisiwadanganye, nikaipitisha nyuma ya mkono kuangalia kama inakwaruza, maana kijiti kikishadondosha kidoto chake kinakuchimba kichwa, mbili za kwanza nikazirudisha. Hii ya tatu safi, ila kwenye kimto nikaona kuna katundu kadogo. Nikamwambia kaka hii mbovu imetoboka, akaniapia zote ziko hivyo, nikagoma, akanipunguzia buku. Nikaondoka na brashi ya elfu saba najiona mjanja wa mjini.

Basi usiku ule wa kuosha, brashi nikaipa huduma ya peke yake, ndoo ndogo, maji na jiki. Nikaweka kifuniko kimoja nikaona kama kidogo, nikaweka cha pili, nikaona nasumbuka bure nikamimina tu. Asubuhi nikaisuuza juu juu nikaisimamisha kwenye kikombe ikakauka vizuri inang'aa. Inang'aa kwa nje! Kumbe katundu kale kazi yake ni kutoa na kuingiza hewa kimto kikibonyea, na panapopita hewa na maji yanapita. Kimto chote kimekunywa jiki kimeshiba.

Jioni yake kuna sendofu ya binti wa jirani, ukumbi uko Tabata, sare zambarau. Kamati ilikataa satini kwa sababu ya joto tukashona pamba, yaani kama kuna mtu alikuwa ananiandalia. Nimeshavaa, bajaji inapiga honi nje, nikachukua brashi nilaze nywele za pembeni, nikakandamiza kweli kweli si unajua nywele zetu. Nikasikia ubaridi shingoni ukashuka begani. Nikajua jasho, Dar hii. Nikakandamiza upande wa pili.

Kwenye bajaji dada akaanza kunusanusa, "Mbona kama kuna choo kimetoka kudekiwa?" Nikamtupia dereva jicho, maskini wa Mungu. Tunafika Tabata naona bega lina doa la pinki. Tunakaa, yamekuwa matano. Wakati wa kuingiza keki kifua chote hadi mgongoni ni mawingu ya pinki na rangi ya chungwa yanazidi kukua, na kichwa kinaniwasha siwezi kujikuna kwa sababu kamera iko meza yetu. Mama kanitazama kwa lile jicho la sufuria.

Muda wa kucheza nikasimama nyuma ya spika. Mama mmoja wa kamati akanifuata hukohuko, nikajua nafukuzwa kwa kuharibu sare. Akanishika bega akageuza geuza. "Mwanangu, hii batiki umefanyia wapi? Sisi tumevaa kama wanakwaya we umependeza peke yako."

Sijui shetani gani alinipitia. Nikamwambia nafanya mwenyewe, elfu ishirini kwa gauni.

Juzi kanipigia anataka sita kabla ya Jumamosi, katuma na advansi. Jana nilikuwa Kongo kwa yule yule kaka nabonyeza brashi moja moja, akaniuliza dada leo unatafuta nini, nikamwambia nipe yenye katundu kakubwa kuliko zote.