Bizimu Isiyo na Kiuno

Wachina husimulia kwamba Guan Zhong alimfyatulia mshale mwana wa mtawala aliyekuwa akiwania kiti cha dola ya Qi. Mshale ukagota kwenye bizimu ya mshipi, kijana akapona. Akatawala kuanzia 685 KK kwa jina la Huan, na Guan Zhong yuleyule akawa waziri wake.

Bizimu za aina hiyo ni kulabu yenye kichwa cha ndege, nyoka au joka, na mgongoni ina kishikizo cha kupenya kwenye tundu la mshipi. Zilizo bora, nyingi za karne ya 4 na ya 3 KK, zimetiwa njumu. Fundi aliacha vifereji kwenye shaba, akapigilia humo nyuzi na vibamba vya dhahabu na fedha, akapachika feruzi, kisha akasugua mpaka kidole kisihisi kiungo. Leo utaziona Toronto, Stockholm na Washington. Je, waliozikusanya walizinusuru au waliziharibu?

Wanaowatetea wana hoja nzito. Katika kijiji cha Jincun, karibu na Luoyang, wenyeji walianza kufukua makaburi makubwa ya kale mnamo 1928, wakati China ilikuwa imechoshwa na vita. William Charles White, askofu Mkanada aliyekuwa Henan, alinunua vitu kwa ajili ya makumbusho ya Toronto, akakusanya maelezo, na mwaka 1934 akachapisha kitabu kuhusu makaburi hayo. Bila yeye tungejua machache zaidi. Bernhard Karlgren naye, mtaalamu Mswidi wa mambo ya kale ya China, mwaka 1966, alizichambua bizimu za mikusanyo miwili ya Uswidi kwa makini. Wala ukusanyaji haukuletwa na wageni: Lü Dalin, msomi wa Kichina, alikuwa na katalogi ya vyombo vya kale tangu 1092.

Lakini Lü Dalin hakuwa na soko la Paris na New York nyuma yake. China ilitunga sheria ya kulinda vitu vya kale mwaka 1930, na biashara ya watu kama C. T. Loo, muuzaji wa sanaa za China huko Paris na New York, ikaendelea. Fedha ya mnunuzi ndiyo iliyonoa jembe la mchimbaji. Jina la Jincun nalo likageuka chapa ya kupandishia bei, hata vitu visivyojulikana vilikotoka vikapewa jina hilo. White mwenyewe hakuchimba, aliandika alichoambiwa.

Hasara kubwa, kwangu, ni kiuno. Mwaka 1965, katika kaburi la Wangshan mkoani Hubei, wanaakiolojia walipata bizimu ya chuma yenye njumu ya dhahabu na fedha, urefu wake sentimita 46.2. Hiyo inapita mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi kifundo! Ilifunga vazi gani? Swali hilo linaweza kuulizwa kwa sababu kaburi lilichimbwa kwa utaratibu. Bizimu iliyolala kiunoni ilifunga joho. Iliyolala kando ya upanga huenda iliutundika. Ile iliyopita mikono mitano ya wafanyabiashara haina la kujibu, hata feruzi zake zikiwa kamili.

Zhuangzi, kitabu cha kale cha falsafa ya Kichina, kimeandika kwamba aibaye bizimu huuawa, na aibaye dola hufanywa mtawala. Nayakumbuka maneno hayo ninapoona majina ya wakusanyaji kwenye kuta za makumbusho, huku ya wanakijiji waliochimba hayapo.

Hata hivyo siwaweki wote kapu moja. Aliyenunua na kuandika mwaka 1930 alifanya jambo lenye faida na madhara pamoja. Anayenunua leo kitu kisicho na historia, baada ya mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, ambao China iliuridhia mwaka 1989, hana udhuru huo. Na makumbusho yafute uhakika usiokuwepo: palipoandikwa “Jincun” bila ushahidi, paandikwe “inasemekana ni ya Jincun”, na jina la aliyeuza liwekwe chini yake.