“Run” si kukimbia tu

Kitenzi chenye maana nyingi kuliko vyote katika kamusi kubwa ya Oxford kina herufi tatu: run. Mhariri Peter Gilliver alipokipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu, kazi ilimchukua zaidi ya miezi tisa, na alipomaliza alikuwa ameorodhesha maana 645. Kabla ya hapo taji lilikuwa la set, ambacho katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, kilikuwa na maana zipatazo 430, zilizoelezwa kwa maneno karibu 60,000. Maelezo hayo yanatosha kitabu kizima, na neno lenyewe hata mtoto wa shule ya msingi analiandika bila kukosea.

Sasa angalia tunavyomfundisha mtoto huyo. Mwalimu anaandika ubaoni: run, kimbia. Mtoto anakariri, anapata vema, somo limekwisha. Kwetu Tanzania mtoto huyohuyo akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na hapo anakutana na run ambazo hazina miguu. Injini ina-run. Kompyuta ina-run programu. Mto una-run kutoka milimani hadi baharini. Mama fulani ana-run biashara, na mtoto wake pua ina-run. Kukimbia alikokariri hakumsaidii popote hapo, na mara nyingi anajiona yeye ndiye mzito wa kuelewa. Si mzito. Amepewa kipande kidogo cha neno akaambiwa ndilo lote.

Kinachonisikitisha ni kwamba maana hizo hazikutupwa ovyo. Ukizikalia utaona nyingi zina picha moja: kitu kiko kwenye mwendo na mwendo haujakatika. Maji yanatiririka, kamasi zinatoka, mashine inafanya kazi. Mkataba wa miaka 2 una-run kwa sababu muda wake bado unakwenda. Kanga mpya ikiloweshwa, rangi ikachuja na kuingia kwenye shati jeupe, Mwingereza atasema rangi ime-run, maana imeondoka mahali pake na kwenda kwingine. Sukari ikiisha nyumbani atasema ame-run out: akiba ilikuwa inakwenda, imefika mwisho. Mwanafunzi akishaipata picha hiyo, anaweza kubahatisha maana ambayo hajawahi kufundishwa, na mara nyingi atapatia.

Historia nayo imechangia. Zilipokuja injini za mvuke, treni na viwanda, Waingereza walihitaji namna ya kusema mashine inafanya kazi, wakalichukua neno walilokuwa nalo. Zilipokuja kompyuta wakalichukua tena. Hata benki ina run yake: Septemba 2007 wateja wa Northern Rock, benki ya Uingereza, walipanga foleni nje ya matawi yake kutoa akiba zao kwa hofu kwamba imeyumba, na tukio hilo likaitwa hivyohivyo, run. Kwenye siasa, Mmarekani anayegombea urais ana-run, ilhali Mwingereza anayetaka ubunge husemwa ana-stand, yaani anasimama. Sisi tunazo zote mbili: tuna mbio za urais, na tuna mgombea aliyesimama jimboni.

Na hapo ndipo pa kuanzia darasani. Mtoto wetu anaijua hali hii tangu hajaenda shule, kwa sababu ana piga. Anapiga mpira, anapiga mswaki, anapiga deki, anapiga hodi, anapiga magoti. Dada anapiga pasi, baba anapiga simu, wananchi wanapiga kura, serikali inapiga marufuku. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza kwamba kwenye pasi hakuna anayechapwa. Alizisikia piga hizo ndani ya sentensi, zikamwingia. Mwalimu akianza na piga kwa dakika chache, kisha akaleta run, darasa zima litaelewa kwamba neno moja kubeba kazi nyingi ni jambo ambalo wenyewe wanalifanya kila siku.

Najua mwalimu mwenye darasa la watoto mia hana muda wa maana 645, na wala hazihitajiki. Ishirini zinatosha kabisa kumvusha mwanafunzi. Lakini zije ndani ya sentensi. Vijitabu vya maneno vinavyouzwa mitaani, Kiingereza upande huu na neno moja la Kiswahili upande ule, ningependa vipungue sana mikononi mwa watoto. Kamusi nzuri ina mifano, na mifano hiyo ndiyo ya kusoma kwanza.

Kwa anayejifunza mwenyewe, ushauri wangu ni huu: lipe run ukurasa mzima wa daftari. Kila unapolikuta, kwenye taarifa ya habari, kwenye kitabu cha fizikia, kwenye maelezo ya simu, nakili sentensi yote jinsi ilivyo, kisha chini yake andika Kiswahili ambacho ungekisema wewe mwenyewe nyumbani. Utaandika endesha, tiririka, chuja, gombea, ishiwa, na kimbia itatokea mara chache kuliko ulivyotarajia. Ukurasa ukijaa, fungua mwingine wa set, kisha wa take, kisha wa get.